Mwendwa na Alhamisi Isiyo na Watu

Mimi kazi yangu ni muhuri. Nakaa langoni Kwa Ngigi, mtu akishalipa namgonga wino wa zambarau juu ya mkono, anaingia. Huu ni mwaka wa sita. Nimegonga mikono ya watoto, ya wachungaji, ya mabibi harusi, na ya jamaa mmoja aliyeingia na kuku hai ndani ya koti akakataa kata kata kusema ni wa nini. Kwa hivyo mtu asije kunifundisha habari za umati, maana umati unapita kwangu kabla haujafika kwa mtu mwingine yeyote.

Kwa Ngigi ni bustani ya kujiburudisha, nje kidogo ya mji wa Machakos, kwenye mteremko unaotazama tambarare za Athi. Kuna bembea, kuna kasri la kurukia linalojazwa upepo, kuna kidimbwi, kuna treni ya watoto ambayo kusema kweli ni trekta iliyovalishwa mabati, na kuna ngamia mmoja mwenye roho mbaya. Halafu kulikuwa na gurudumu kubwa. Hilo ndilo lililotupa jina. Lilikuwa na vikapu kumi na viwili, lilizungushwa na injini ya dizeli, na ukifika juu siku isiyo na vumbi unaona mpaka kilima cha Lukenya.

Mwendwa aliletwa na Ngigi mwenyewe, mwenye bustani, baada ya Krismasi moja ambayo hatupendi kuizungumzia. Tulijiandaa kwa watu mia tatu wakaja elfu mbili. Chipsi ziliisha saa tano asubuhi. Foleni ya choo ilikutana na foleni ya gurudumu, watu wakachanganyikana, na nilimwona kwa macho yangu mwanamume wa heshima, mwenye tai, akizungushwa hewani huku analia kwamba yeye alitaka choo. Ngigi akasema basi, sasa anatafuta mtu wa kumwambia mapema watu watakuja wangapi. Tulimcheka. Watu wenyewe hawajui kama watakuja, wewe utajua vipi?

Akaja Mwendwa. Alikuwa ametoka EPZ kule Athi River, kiwanda cha nguo, ambako kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akikagua vifungo vya mashati. Mtu mwembamba, mpole, wa kusema "pole" hata wewe ukimkanyaga yeye. Siku ya kwanza alinisalimia vizuri, akaniuliza, "Dada Munyiva, wiki jana watu walikuwa wangapi?"

"Wengi," nikamwambia.

Akanitazama kwa huruma. Kuanzia hapo nikamchukia, na sioni haya kusema.

Kila Alhamisi alikuwa anapotea. Nikajua ana mwanamke mjini. Kumbe mwanaume alikuwa akizunguka mitaani kuhesabu nguo za watoto kwenye kamba za kuanikia. Nguo za kanisani, aliniambia baadaye, kazi yake ni Jumapili, kwa hivyo hufuliwa Jumamosi. Ukiziona kwenye kamba Alhamisi, ujue hiyo nyumba iko na safari ya Jumamosi. Akina mama wa mtaa mmoja walimshika shati wakampeleka kwa chifu, kosa lake kutazama nguo za watu. Chifu akamsikiliza mpaka mwisho, halafu akamuuliza, haya, na Jumamosi hii? Mwendwa akasema mia nne na kumi na wawili. Jumamosi chifu akaja, akaninyang'anya kiti, akakaa kando yangu kutoka asubuhi mpaka jioni akihesabu kwa vijiti vya kiberiti. Akapata mia nne na kumi na mmoja. Alikuwa amesahau kujihesabu.

Hakutegemea nguo peke yake. Ijumaa alipita kwenye saluni kuona ni wanawake wangapi wamekaa wakisukwa. Alijua tarehe za mishahara ya viwanda vyote vya EPZ, na siku ya kufunga kila shule. Alitazama mawingu ya upande wa vilima vya Mua. Mzee Bile, Msomali anayetuuzia mbuzi, alikuwa hachinji hata mmoja kabla ya kumpigia simu. "Mwendwa, wiki hii ni mbuzi ngapi?" Akiambiwa sita, ni sita, na jioni mfupa haubaki. Jumapili moja alitabiri watu mia tatu, na ilipofika saa ya kufunga tulikuwa na mia mbili tisini na tisa. Alitoka nje ya lango, akajipanga foleni peke yake, akalipa, akanipa mkono nimgonge muhuri. Nilimgonga kwa nguvu.

Na foleni alizijua. Alisema mtu hasumbuki na foleni ndefu, husumbuka na kuiona yote. Akazikunja. Foleni ya gurudumu akaipitisha nyuma ya jiko, nyuma ya tangi la maji, ikatokea kwa ngamia, na kila kona akaweka kitu cha kuangalia: kioo, kuku wa kienyeji, picha ya Ngigi akiwa kijana. Watu walisimama saa nzima wakatoka wakisema leo hakukuwa na foleni. Ilinikasirisha sana, kwa sababu ilikuwa kweli.

Shida ilianza watu walipojua kwamba mtu anayejua siku zenye watu anajua pia siku zisizo na watu. Kila mtu akataka yake. Mke wa mchungaji mmoja alimsihi mpaka Mwendwa akamwambia kwa siri, njoo Jumanne, kutakuwa na watu kama ishirini. Naye alimwambia mtu mmoja tu. Huyo mmoja alikuwa mwalimu wa kwaya. Jumanne tulikuwa na watu mia saba, wote wamenuna, wote wakiulizana wewe nani alikuambia. Tangu hapo Mwendwa akawa hasemi. Alimnong'onezea Ngigi nambari sikioni, na Mzee Bile kwa simu, basi. Alisema nambari ikishatajwa mbele za watu inaoza.

Siku moja ya mvua, bustani tupu, tulikaa wawili kwenye kibanda changu tukinywa chai. Hapo ndipo aliponieleza habari za mama yake.

Mama yake anaitwa Kavindu, anakaa Ndithini, ana shamba la mbaazi na ng'ombe wawili. Mwaka wa themanini na nne, wakati wa ile njaa, alipanga foleni ya mahindi ya msaada. Watu wakasukumana, akaanguka, wakapita juu yake. Alivunjika mfupa wa bega. Bega lilipona lakini hofu haikupona. Mpaka leo, watu wakizidi kumi anatetemeka mwili mzima. Kanisani anakaa nje chini ya dirisha. Sokoni anatuma mtu. Na ni huyu huyu mama aliyekuwa ameona picha ya gurudumu letu kwenye simu ya mwanawe, akaambiwa ukiwa juu unaona Lukenya. Mumewe alichonga mawe Lukenya miaka ishirini na miwili, akija nyumbani mwisho wa mwezi na vumbi kwenye nyusi. Kavindu hakuwahi kupaona. Aliishika hiyo simu mpaka ikaisha chaji, halafu akasema, "Nataka kupanda hapo."

"Sasa nangoja siku yenye watu chini ya kumi," Mwendwa akaniambia. "Nimengoja mwaka na nusu."

Nilimwongezea chai. Baada ya hapo sikuweza tena kumchukia ipasavyo, na hilo lilinisumbua.

Jumatatu moja Ngigi akatuita wote akatutangazia kwamba gurudumu linaondoka. Kumbe halikuwa lake, alikuwa amelikodi kutoka kwa watu wa Mombasa, na wenyewe wanalitaka. Lori lingekuja Ijumaa. Nikamtazama Mwendwa, nikaona uso umemshuka. Alitoka bila kusema neno. Alirudi saa nane mchana, viatu vimejaa vumbi, akaja moja kwa moja kibandani kwangu.

"Alhamisi," akasema. "Watu saba."

"Saba gani?"

"Wapenzi wawili wanaojificha. Mama mmoja na mapacha. Wawili siwajui." Akavuta pumzi. "Shule zimefungua, mshahara haujatoka, na Alhamisi kuna mnada wa ng'ombe Kithimani. Dada Munyiva, tafadhali, usimwambie mtu."

Naapa sikumwambia mtu. Sijui kwa nini kila jambo likienda mrama katika mji huu watu wananitazama mimi. Aliyesema ni Wesley, fundi wa injini ya gurudumu, ambaye ilibidi aambiwe ili aiwashe. Wesley alimwambia mkewe ili aombe Mungu injini isizime. Mkewe aliwaambia wenzake wa chama cha akina mama ili maombi yawe na nguvu. Mpaka Jumanne saa nne asubuhi kulikuwa na kundi la simu lenye jina HATUTAKI WATU ALHAMISI, na lilikuwa limejaa, likafunguliwa la pili.

Na nia ilikuwa nzuri, hebu nisiwaseme vibaya. Watu walisikia habari za Mama Kavindu, zikawaingia moyoni. Walisema mama wa watu ni lazima apande kwa amani. Mtu asitie mguu Kwa Ngigi Alhamisi. Kama wangeishia hapo, ningekuwa sina hadithi leo. Lakini jambo lilikuwa limefika kwa Mama Wagaki.

Mama Wagaki ana duka la rangi na misumari karibu na stendi. Alikuja kutoka Murang'a miaka mingi iliyopita, na hakuna harusi, matanga wala kisima hapa Machakos ambacho hajakuwa mwenyekiti wake. Hawezi kuona jambo likienda bila kamati. Jumanne jioni mkutano ukafanyika dukani kwake, mimi nikiwepo kwa sababu nilipitia kununua rangi ya mlango, na huo ndio ukweli. Ikapitishwa kwamba mtu asije. Halafu mmoja akauliza, tutajuaje kama hawakuja? Ikaundwa kamati ya lango. Mwingine akauliza, na wakipitia nyuma? Ikaundwa kamati ya ua. Ikaundwa ya barabara. Ikaundwa ya maombi, na ya chai, maana hizo nyingine zingeshinda juani. Mzee Bile akatoa mbuzi watatu kwa ajili ya kamati. Mtu akapendekeza fulana, zikapitishwa.

Hapo mwanamume mmoja wa nyuma akainua mkono akauliza swali lililotumaliza. Aliuliza, "Na sisi wengine, ambao kazi yetu ni kutokuja tu, itajulikana vipi kwamba hatukuja?"

Kila mtu alielewa. Kwetu hapa ukikosa shughuli ya mtu, jina lako linabaki. Siku yako ikifika, ya harusi au ya kuzikwa, watu watakumbuka. Huwezi kusaidia mtu kimoyomoyo, ni lazima uonekane ukimsaidia. Na sasa Mama Kavindu alikuwa amehitaji msaada wa kukosekana, kila mtu alitaka kukosekana vizuri, na hakuna aliyetaka kesho aambiwe eti hata hakukosekana.

"Tutaweka daftari," Mama Wagaki akasema. "Kila ambaye hatakuja, aje asaini."

Watu wakapiga makofi. Mimi nilipiga pia. Ndio, nakubali, nilipiga.

Alhamisi saa moja asubuhi Mwendwa aliondoka kwenda Ndithini kumchukua mama yake kwa gari la kukodi. Alikuwa amevaa shati jeupe, vifungo vyote vimefungwa mpaka juu. Aliniuliza hali ya barabara, nikamwambia shwari. Habari za kamati sikumtajia, nilikuwa sijui bado zitakuwa na watu wangapi. Aliondoka akitabasamu, na sikuwa nimewahi kumwona akitabasamu kabla ya kuhesabu.

Saa mbili wakafika kamati ya barabara, watu arobaini, wameazima makoti ya kung'aa ya watu wa bodaboda. Saa mbili na nusu kamati ya lango, thelathini. Kamati ya ua ilikuwa na wengi zaidi kwa sababu ua ni mrefu. Saa tatu likashuka hema, na viti vya plastiki mia mbili, na meza ya daftari. Kufikia saa nne waliokuja kusaini kwamba hawakuja walikuwa wamepanga foleni kutoka mezani mpaka kwa ngamia. Kila mmoja alikuwa amevaa fulana ya kijani iliyoandikwa mgongoni NIMEBAKI NYUMBANI.

Nilimfuata Mama Wagaki na muhuri wangu mkononi. "Mama Wagaki, kwani hawa watu wote nawagonga ama siwagongi?"

"Watu gani?"

"Hawa."

Akageuka akawatazama, miwani puani. "Munyiva, hawa si watu. Hii ni kamati."

"Ni zaidi ya mia tano!"

"Kazi ni kubwa," akasema, akaenda kuonja supu.

Ngigi alikuwa ameketi kwenye ngazi za ofisi, kichwa mikononi. Wapenzi wawili wanaojificha walitokea langoni, wakaona umati, wakatambua mjomba wa mmoja wao, wakatimua mbio. Yule mama na mapacha waliombwa kwa heshima warudi nyumbani kwa sababu leo hakutakiwi watu, na njiani wakakutana na basi la kwaya ya kamati ya maombi likiingia. Msema chochote, yule wa kuendesha sherehe, alikuwa amepanda jukwaani na kipaza sauti. "Sasa ningependa kuwatambua wale ambao leo hawako nasi," akasema. "Walimu ambao hawakuja, tafadhali simameni mpunge mkono." Walimu wakasimama wakapunga mkono.

Nilijaribu kumpigia Mwendwa. Simu yake haikupatikana, barabara ya Masinga, ya kutoka Ndithini, mtandao ni wa bahati. Nilikuwa nimepiga makofi na wengine, na sasa mwanaume alikuwa njiani akimleta mama yake kwenye kitu kile kile alichomwahidi hakipo.

Walifika saa tano na dakika kumi. Mwendwa alishuka kwanza akazunguka kumfungulia. Mama Kavindu alikuwa mdogo kuliko nilivyofikiria, amefunga kitambaa cheupe kichwani, leso mpya ya rangi ya chungwa kiunoni. Alikuwa anacheka kwa jambo walilokuwa wakiongea garini. Akainua macho, akaona.

Alisimama pale pale. Mkono wake ukamkamata Mwendwa juu ya kiwiko, na niliona vidole vyake vinatetemeka, halafu bega, halafu kitambaa cha kichwani. Kwaya ilikuwa katikati ya wimbo. Watu wakageuka wote kumtazama, mia sita na kitu, nyuso zimejaa upendo, na ndivyo ilivyozidi kuwa vibaya. Wengine walianza kupiga vigelegele. Mama Wagaki alikuwa anakuja mbio na shada la maua.

Mwendwa alinitazama. Alikuwa na machozi. "Dada Munyiva," akasema, "nilihesabu vizuri."

Basi hasira ikanipanda. Sikumkasirikia Mwendwa, niliwakasirikia wao, na mimi mwenyewe nikiwa wa kwanza. Nilienda jukwaani nikamnyang'anya msema chochote kipaza sauti.

"Nyamazeni," nikasema. "Wote. Kwaya pia." Wakanyamaza. "Nyinyi mmekuja kutokuja. Mmesaini. Sasa malizeni kazi. Geukieni ua, kila mtu, muangalie nje. Nisisikie sauti ya mtu, na atakayegeuka nitamgonga muhuri wa usoni."

Sikujua kama watanisikia. Mama Wagaki ndiye aliyegeuka wa kwanza, na maua yake. Halafu Mzee Bile. Halafu wote, safu kwa safu, makoti yanayong'aa na fulana za kijani, mpaka hapakuwa na uso hata mmoja, migongo tu imezunguka bustani nzima kando ya ua. Hata watoto. Ngamia peke yake ndiye aliyekataa.

Ilikuwa kimya mpaka nikasikia supu ikichemka. Mkono wa Mama Kavindu ulikuwa bado umemshika mwanawe, lakini ulikuwa umepunguza kutetemeka.

"Wameandikwa nini?" akauliza kwa Kikamba.

"Wanasema wako nyumbani, mwaitu," Mwendwa akamjibu mama yake.

Akafikiri. "Basi twende upesi, kabla hawajatoka."

Wakapita katikati, yeye ametazama chini, hatua ndogo ndogo, mpaka kwenye gurudumu. Wesley akawasha injini. Mungu na chama cha mkewe wakasikia, haikuzima. Kikapu kikapanda na wao wawili, kikafika juu kabisa, na Wesley akakisimamisha hapo.

Walikaa huko juu karibu nusu saa. Jua lilikuwa limeanza kuchoma kweli kweli. Hakuna mgongo uliosogea. Niliwaona akina mama waliopangiwa kamati ya chai wamesimama na birika mkononi, hawathubutu kuziweka chini. Nilitaka kulia, na nikalia kidogo, hakukuwa na mtu wa kuniona.

Waliposhuka nilitarajia wataenda moja kwa moja kwenye gari. Mama Kavindu hakwenda kwenye gari. Alienda kwenye ua, kwa mgongo wa kwanza uliokuwa karibu, akaugusa. Ulikuwa wa Mzee Bile. Bile akageuka, peke yake, mwingine asigeuke. Mama akamnyooshea mkono. Mzee Bile hashiki mkono wa mwanamke asiye wake, kwa hivyo aliweka kiganja kifuani akainama. Mama akamtazama, naye akaweka kiganja chake kifuani.

"Wakya," akamwambia, kama mtu mkubwa anavyomsalimu mdogo, ingawa Bile amemzidi umri.

"Aa," Bile akaitika.

"Asante kwa kuja."

Niliona Bile anataka kusema kwamba hakuja. Akaacha. Mama akasogea kwa mgongo wa pili, akaugusa, ukageuka, akashika mkono. "Wakya." "Aa." "Asante kwa kuja." Halafu wa tatu. Kila mmoja akishasalimiwa alirudi kutazama ua, hakuna aliyemwambia afanye hivyo, ndiyo sababu muda wote mbele yake palikuwa na uso mmoja tu. Alimsalimu Mama Wagaki, ambaye alikuwa analia mpaka miwani imeanguka. Alisalimu kwaya yote, sauti ya kwanza mpaka besi. Alipochoka aliletewa kiti, akakaa, akainuka, akaendelea.

Mwendwa alikuja kibandani kunywa maji. Nilimuuliza kama waliona Lukenya.

"Tuliona," akasema. "Alipaangalia sana. Halafu akaniambia kitu sikuwa najua." Akashika kikombe kwa mikono miwili. "Siku tulipomzika baba, mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilifikiri mwaitu yuko ndani na akina mama. Kumbe alikuwa nyuma ya ghala la jirani, amejificha asionane na watu. Hakumshika mtu mkono hata mmoja, wala kuwaambia asante kwa kuja. Aliniuliza watu walikuwa wangapi siku hiyo, nikamwambia sikuhesabu. Akatazama chini, akauliza, na hawa? Nikamwambia mia sita na kumi na wanne. Akasema nimshushe, asije akawaacha juani."

Alikunywa maji yote akarudi kumfuata mama yake. Sikumwambia mtu hayo maneno, na safari hii mtu asinitazame.

Ilikuwa yapata saa kumi alipofika langoni. Wote walikuwa wameisha. Mkono wangu ulikuwa na wino, nikaupangusa kwenye sketi haraka, haukutoka. Aliushika hivyo hivyo, kwa mikono yake miwili, mikavu, yenye moto wa mikono mia sita.

"Wakya."

"Aa."

"Asante kwa kuja."

Ningeweza kumwambia mimi sijaja, mimi nafanya kazi hapa. Nikamwambia, "Pole kwa mzee, mwaitu."

Akanitazama.

"Alikuwa mtu mzuri," akasema, na hakuniachilia mkono upesi, kwa sababu baada yangu hapakuwa na mtu mwingine.